Ng'ombe wa Viza ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Jeska kapiga simu kutoka Kanada. Huyu ni mdogo wangu wa kike, nesi, kaolewa huko na Mzungu mmoja mrefu ambaye kwenye kila picha anatabasamu kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu. Ana mimba. Ile ya kwanza iliharibika mwaka juzi akiwa peke yake ndani, mume yuko mgodini huko kaskazini, ambako akiingia hutoka baada ya majuma. Safari hii hataki kuwa peke yake. Anamtaka Mama. Mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo Mama apate viza ya matembezi kabla ya hapo. Alilia kidogo. Nami nikalia kidogo.

Kisha akasema amemwomba Chrispin ashughulikie.

Chrispin! Mtoto wa baba yetu mdogo, mwenye steshenari hapa hapa Kitaji, Musoma. Ana mashine ya kutoa kopi na nyingine ya kuleminisha vyeti. Basi mtu akishajua kuleminisha, anajua na mambo ya ubalozi! Mimi mzaliwa wa kwanza niko hai, siumwi, na nimetazama video za mambo ya viza mpaka nimemaliza bando la mke wangu Marieta. (Bado kanuna.)

Nikamkumbusha Jeska kwamba damu ni damu. Akasema haya kaka, basi mshirikiane, lakini tafadhali. Hakusema hiyo tafadhali ilikuwa ya nini.

Mpango ni huu: Chrispin atabonyeza, mimi nitafikiri.

Na liko jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama hajawahi kupanda ndege. Atahitaji msindikizaji. Mtu mzima, mtulivu, anayesikia Kiingereza. Nimejitazama kwenye kioo. Nafaa.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Nimekwenda kijijini Buswahili kwa Mama, majivu kwenye paji la uso. Mama hana wasiwasi wowote, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Pasipoti anayo tangu mwaka jana. Chrispin ndiye aliyempeleka kuichukua, na hanisahaulishi. Vitenge vya kumbebea mtoto ameshachagua. Anasema huyu mjukuu atamwogesha yeye, kwa mkono wake, siku ile ile ya kwanza, na kama hospitali ya Wazungu haitaki, watakaa wazungumze.

Nikamweleza. Watu wa viza wana hofu moja tu duniani: kwamba mgeni hatarudi kwao. Akasema atarudi, kwani mihogo itang'olewa na nani? Nikamwambia kwa heshima kwamba hakuna afisa anayetetemeka kwa ajili ya mihogo. Inatakiwa mali.

Tukaitazama mali. Shamba. Nyumba ya bati. Kuku. Ng'ombe mmoja mzee asiye na maziwa, ambaye kila akiniona anashusha pembe. Nikamuuliza Mama: kwani ng'ombe wa marehemu Baba waliishia wapi? Akasema waliisha. Alisema haraka, akainuka kwenda kuchungulia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Chrispin anaona kinachotakiwa ni barua ya mwaliko ya Jeska, barua ya mtendaji wa kijiji kwamba Mama ni mkazi, ni mjane, ana shamba na wajukuu, anakwenda kumwona binti yake na mkwe wake, atarudi. Na ukweli. "Ukweli tu, kaka, unatosha."

Ukweli! Ndiyo maana hana gari.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua koti la baridi mitumbani. Zito, kola ya manyoya, mfukoni kulikuwa na tiketi ya treni ya nchi nisiyoijua. Ishara njema.

Nikaenda mwaloni, kwenye soko la samaki ziwani, kwa rafiki yangu Masatu, anayetunza kontena la barafu ya samaki. Nikamwomba nikae humo kidogo nizoee Kanada. Alinifungulia bila kuuliza. Masatu haulizagi, ndiyo maana tunaelewana. Nilikaa kati ya sangara, nimevaa koti. Meno yakaanza kugongana, akili ikafunguka. Nikawatazama wale sangara walivyopangwa, safu juu ya safu, na nikajiona nawaheshimu kuliko ninavyomheshimugi sangara mmoja. Kwa nini? Wingi!

Nani duniani anaweza kuacha kundi la ng'ombe asirudi? Si mtu wa Mara. Afisa akimwona Mama amesimama katikati ya ng'ombe arobaini, ataigonga viza hata kabla ya chai.

Masatu alisahau kunifungulia. Nilitoka na wazo na mafua.

Jumanne, 11 Machi

Kiabakari, kwa Fredy. Alikuwa rafiki wa Baba, na ana ng'ombe wengi kuliko adabu. Nikamweleza: nahitaji kundi lako Jumamosi, liende Buswahili, lipigwe picha, lirudi. Atapata jaketi kutoka Kanada.

Fredy aliniangalia sana. Akauliza, Mama yako anajua? Nikasema Mama atafurahi. Akacheka. Akacheka tena akiwa amenipa mgongo, mabega yanaruka. Watu wa Kiabakari wamechimba dhahabu vizazi vyote hivyo na bado hawajui kitu cha thamani kikiwajia kwa miguu yake.

Alikubali lakini.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi!

Ng'ombe walifika mchana, wamechoka, wana vumbi, wazuri. Sungusungu waliwasimamisha njiani mara mbili. Mtoto wa Fredy aliulizwa kibali cha kusafirisha mifugo, akasema hawasafiri, wanatembea. Kijana mwenye akili. Hakumrithi baba yake.

Mama alitoka ndani. Kisha akapita kundi zima bila kutazama, akaenda moja kwa moja kwa mtamba mmoja wa kahawia mwenye doa jeupe usoni, akamshika shingo, akamwambia neno kwa lugha ya kwetu. Yule mnyama akamlamba mkono. Kipaji gani hiki! Ningekuwa na mama wa hivi Ulaya, ningekuwa na shoo ya televisheni.

Hakutaka kupigwa picha. Akasema, "Baba, hawa si wangu wote." Nikamwambia najua, simama hapo. Alisimama na sare ya kwaya, uso kama wa mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Nikapiga mbele, nyuma, na moja kutoka juu ya mti. Kisha nikajipiga na mimi, mkono juu ya nundu ya dume, koti limefungwa vifungo vyote. Hiyo ni ya faili langu.

Majirani walijaa kwenye ua. Walikuwa wanahesabu, midomo inacheza. Kisha wanawake wakapiga vigelegele. Sikujua kama picha zinapigiwagwa vigelegele huku kwetu, lakini nikainamisha kichwa kushukuru.

Tumekubaliana kundi lipumzike hadi Jumatatu.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya wajinga.

Baada ya misa kila mtu alinipa mkono. Nikapokea. Kisha katekista akanivuta pembeni na kunikaripia: kwa nini tumepokea mahari katikati ya Kwaresima, tungeshindwa nini kungoja Pasaka? Nikadhani amechanganyikiwa kwa njaa.

Kumbe kijiji kizima kimechanganyikiwa. Ng'ombe wengi wameingia kwa mpigo kwenye boma la mjane mwenye binti aliyeolewa mbali. Basi wakajumlisha: Mzungu wa Jeska ametoa mahari! Kwa miaka yote aliyomwoa Jeska hajatoa hata mkia, na jambo hilo lilikuwa linazungumzwa kwa sauti ya chini kila penye msiba. Sasa limezungumzwa kwa sauti ya juu.

Saa sita akatokea Mjomba Chacha, kaka wa Mama, kutoka Butiama. Amevaa suti. Mkononi ana fimbo. Begani ana kamba.

Kamba!

Inajulikana, kwenye mahari ya binti ng'ombe wa mjomba hasahauliki. Alimsomea Mama: dada yangu, mahari inaingia kwako nami nasikia barabarani kwa muuza dagaa? Mama akamkaribisha kiti. Mimi nikaingilia kati. Nikamweleza taratibu kwamba hawa si wa mahari, ni wa kuazima, wamekuja kupigwa picha ili Wazungu wampe Mama viza.

Mjomba akavua kofia. Akasema katika umri wake wote hajawahi kusikia mtu ameazima ng'ombe amdanganye Mzungu. Lakini waliomficha mjomba ng'ombe, hao amewasikia wengi.

Amelala kwetu. Kamba ameweka chini ya kichwa.

Nilimpigia Marieta kumsimulia upumbavu huu. Badala ya kucheka nami, alisema kaka zake wa Bunda nao wana kamba, na zimeanza kuoza kwa kungoja. Marieta hana uwezo wa kukaa kwenye mada.

Jumatatu, 17 Machi

Watoto wa Fredy wameswaga ng'ombe alfajiri nikiwa bado usingizini. Nilipoamka, zizini kabaki yule ng'ombe mzee peke yake, Mama anafagia mbolea, Mjomba amesimama mlangoni na kamba yake anatazama vumbi linavyoishia kuelekea barabarani. Alikunywa uji, akavaa kofia, akaondoka.

Imeisha. Nimerudi Kitaji. Watu wa zamani ukiwapa muda wanaelewa.

Jumanne, 18 Machi

Hawajaelewa.

Kwa hesabu ya Buswahili ni hivi: ng'ombe wameingia Jumamosi, hiyo ni mahari. Wametoka Jumatatu, hiyo ni mahari imerudishwa. Mahari ikirudishwa, ndoa imevunjika. Kwa hiyo Jeska ameachika!

Wanawake wameanza kuingia kwa Mama na unga na sukari. Wanakaa chini, wanatikisa vichwa. Mmoja alikuja na kuku na swali: Mzungu amekuta kasoro gani?

Haya yote yangebaki Buswahili kama si Shangazi Boke wa Bunda. Huyu alipiga simu Kanada moja kwa moja. Akampa Jeska pole kwa kuachwa, akamuuliza amemkosea nini mume, na akamwambia mtoto atamlea yeye, asiogope. Jeska alikuwa kazini. Akampigia mume. Mume yuko chini ya ardhi, hapatikani. Jeska akakaa na hilo siku nzima na usiku wake.

Kisha akanipigia mimi. Sitaandika yote. Baadhi ya maneno yalikuwa presha, daktari, kitanda, na mwendawazimu. Nilimwambia asijiite hivyo. Akasema hakuwa anajiita yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa kumeharibika kweli.

Chrispin alimpeleka Mama kwa mtendaji wa kijiji, Nathanieli, kuchukua ile barua. Nathanieli ni mtu wa muhuri. Bila muhuri angekuwa anauza karanga. Alisoma rasimu, akafika kwenye maneno "anakwenda kumtembelea binti yake na mkwe wake", akaweka kalamu chini. Mkwe yupi? Kijiji chote kimeona ng'ombe wakirudi. Yeye hawezi kuupa muhuri wa serikali kazi ya kusema uongo. Waje wazee, aje mjomba wa binti, waseme mbele yake kwamba ndoa ipo. Vinginevyo aandike "anakwenda kumtembelea binti yake aliyeachika", hilo yuko tayari hata leo.

Chrispin anasema maombi yasipoondoka mwezi huu Mama hatawahi kujifungua kwa Jeska. Na daktari amemwambia Jeska asibaki peke yake nyumbani. Anasema haya bila kuniangalia, jambo ambalo ni njia yake ya kuniangalia.

Nilipendekeza tuwarudishe ng'ombe tena, ndoa irudi. Wazo safi kabisa! Nikampigia Fredy. Akasema hawezi, Mama amekataza. Amekataza ng'ombe wa Fredy? Kwa cheo gani?

Nikaenda kumuuliza. Nilimkuta amekaa nje, vile vitenge vya mtoto viko mapajani, anavikunja na kuvikunjua. Hakunisalimia, hakunifukuza. Mara ya mwisho Mama kuninyamazia hivi nilikuwa nimeuza mabati ya jiko lake kwa ajili ya ule mradi wa sungura.

Mradi ulikuwa mzuri. Sungura ndio waliofeli.

Jumapili, 23 Machi

Kikao kwa Mama. Wazee kwenye mabenchi. Mjomba Chacha na suti ile ile na kamba ile ile. Nathanieli na muhuri kwenye mfuko wa nailoni. Fredy kaja kutoka Kiabakari, sikujua kaitwa na nani. Chrispin alileta soda kreti zima, kujionyesha.

Mjomba alifungua kwa kusema amechoshwa. Ng'ombe wanaingia, ng'ombe wanatoka, mjomba amekaa kama mti wa barabarani. Na dada yake sasa anataka kwenda kulala kwa mwanaume ambaye ama hajaoa, ama ameacha. Achague moja, yote ni aibu.

Chrispin akapiga simu ya video. Mkwe amepanda juu ya ardhi jana, yupo nyumbani na Jeska. Uso ukatokea, unatabasamu. Jeska akatafsiri, macho yamevimba. Mjomba aliuliza kwa sauti ya kumfikia Kanada bila simu: wewe, umemrudisha mke wako? Mkwe akasema hajui habari hiyo. Akasema anampenda Jeska. Wazee wakaguna. Mzee mmoja akasema kupenda si hoja, swali lilikuwa la ng'ombe.

Hapo Mama akainuka. Akaenda nyuma, kwa jirani yake Rhobi. Akarudi anamvuta yule mtamba wa kahawia mwenye doa.

Wazee wakanyoosha shingo!

Akasema, mahari ikirudi hurudi yote. Nani hapa amewahi kuona imerudi ikaacha mmoja? Hakuna aliyewahi. Basi huyu hajatoka hapa. Alimbakiza alfajiri ile kabla wengine hawajaswagwa. Mmoja yupo, ndoa ipo. Na huyu ni wa kaka yake Chacha, anatolewa kwa niaba ya mkwe, mkwe atamrudishia atakapokuja kutambulishwa. "Fungua kamba yako, kaka. Umeibeba sana."

Nikasimama. Ilibidi! Nikawaambia kwa uchungu kwamba huyo ni ng'ombe wa Fredy, tutashtakiwa, mtu hawezi kugawa mali ya watu mbele ya mtendaji.

Wakanitazama wote kwa namna moja, kama wanavyotazamagwa watoto wakiuliza mtoto anatoka wapi. Fredy akakohoa. Akasema mtamba si wake. Hajawahi kuwa wake. Ni uzao wa ng'ombe kadhaa waliowekwa kwake na Baba kabla hajafariki, wamekuwa wakizaa huko Kiabakari miaka yote, na Mama anawajua mmoja mmoja kwa majina.

Kwa hiyo nilikuwa nimemwazimia Mama ng'ombe wake mwenyewe. Kwa jaketi.

Nikauliza nani alijua. Mjomba alijua. Chrispin alijua. Jeska, kwenye simu, alijua. Marieta, mke wangu wa ndoa, alijua! Nikamgeukia Mama: wiki nzima kijiji kinamlilia Jeska, mtamba yuko kwa Rhobi, kwa nini hukusema mapema? Mjomba ndiye aliyejibu, anafunga fundo. Akasema: kwa sababu wewe upo, na ungesikia.

Mama alikuwa anatazama paa la jiko, upande ule wa nyasi.

Mkwe alipunga mkono. Mjomba akampigapiga mtamba kiunoni, akasema atazaa vizuri. Nathanieli akagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa furaha. Nilikunywa soda tatu za Chrispin ili kumtia hasara.

Jumatatu, 24 Machi

Steshenari. Chrispin anatuma maombi ya Mama. Nikampa picha za ng'ombe. Akasema haziingizi. Shamba, wajukuu, kwaya, barua, Jeska, basi. Nikamuuliza kuhusu msindikizaji. Akasema Mama ameshaulizwa, na Mama amesema atasindikizwa na malaika wake.

Sawa.

Nimekwenda Bunda, kwenye steshenari ambayo hawanijui, nikatuma maombi yangu mwenyewe. Baltazari, mfugaji, ng'ombe arobaini, picha zimeambatishwa. Ada nilipata. Marieta akiuliza, cherehani yake iko mahali salama kwa mtu anayeitunza.

Jumatano, 9 Aprili

Dar es Salaam, kuchukuliwa alama za vidole. Mama alisafiri na Eunice, mwenzake wa kwaya anayekwenda kumwona mwanawe. Mimi nilikuwa basi hilo hilo, viti vya nyuma, na koti. Jiji lote linanitazama, joto la kuchemsha mayai.

Mashine ilikataa vidole vya Mama. Jembe limefuta kila kitu. Mara ya kwanza hola, ya pili hola. Binti wa pale akavipaka mafuta, akavisugua taratibu kimoja kimoja, na Mama akamwambia asijali, vilikuwa na kazi. Mara ya tatu vikatoka.

Vyangu vilitoka mara ya kwanza. Laini kabisa. Binti alisema hajaona vidole kama hivi kwa mfugaji. Nilimshukuru.

Jumatano, 7 Mei

Mama amepata viza!

Nimenyimwa.

Barua yao inasema afisa hakuridhika kwamba nitaondoka Kanada mwisho wa matembezi. Mimi! Mwenye ng'ombe arobaini!

Chrispin alinikalisha, akanieleza kama anavyoelezwa mlevi: kaka, kwa Mama haikuingia hata picha moja ya ng'ombe. Zimeingia kwako tu. Zilipoingia wamekataa, zilipokosekana wamekubali. Unaona?

Naona. Naona kwamba afisa ni mmoja. Kaziona picha kwenye faili langu, kamwona Mama katikati ya kundi, moyo ukalainika, akampa yeye. Ng'ombe wangu wamempeleka Mama Kanada, na sifa kachukua mtu wa kuleminisha.

Jumamosi, 17 Mei

Mama ameondoka kupitia Mwanza. Hakulia. Mkoba mmoja, vitenge, na dagaa waliokaangwa ambao nimemwambia watakamatwa. Akasema watakaa wazungumze.

Mlangoni pa uwanja wa ndege alisimama, akanitazama. Akasema, "Baba, nipe hilo koti." Nikavua. Alilivaa juu ya kitenge, mikono ikamzidi. Kisha akanishika shavu. Akaingia, hakugeuka.

Nilirudi Musoma nimesinzia dirishani. Vumbi la barabara liliniingia machoni.

Jumatano, 11 Juni

Msichana! Jumatatu. Jeska na mtoto wazima, mume alikuwa yupo, na Bibi alimwogesha mwenyewe siku ile ile. Hospitali walikaa wakazungumza. Jina ni Nyangi, la Mama. Jeska katuma picha: mtoto ndani ya kitenge, Mama amemshika, na ndani ya nyumba, kwenye joto la mashine, amevaa koti langu. Jeska kaandika chini, asante kaka kwa koti. Kwa koti tu! Lakini nimeiangalia picha hiyo mara nyingi leo.

Baada ya kuiangalia nimekaa kufikiri kwa utulivu ni wapi nilikosea. Nimepata. Idadi. Arobaini ni wachache. Nchi yenyewe ni kubwa, wenyewe wana mashamba yasiyoisha, arobaini wamewaona kama kuku. Inatakiwa sitini.

Fredy hapokei simu zangu. Haidhuru. Nimekubaliana na watu watatu wa Bunda. Ng'ombe sitini, Jumapili hii, hapa hapa nyumbani kwangu Kitaji, picha, kisha warudi Jumatatu. Safari hii hakuna mtu wa kuchanganyikiwa: mimi sina binti aliyeolewa, Sara wangu bado yuko darasa la tatu.

Habari zimeshafika kwa wakwe zangu Bunda. Kaka wa Marieta kapiga simu mwenyewe leo jioni, kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa. Sauti ya furaha! Akaniita shemeji mara mbili. Akasema Jumapili wanakuja wote, ndugu saba, na akauliza kama huku kwangu kuna kamba au waje na za kwao.

Nikamwambia waje nazo. Ng'ombe sitini, msaada wa kuwashika unahitajika.

Nimemsimulia Marieta. Ameingia chumbani, amefunga mlango, na nasikia anacheka peke yake. Hatimaye ameanza kuuelewa mpango.